Kitanda cha Springi na Ngozi ya Dani

Kaloleni, Kisumu
Usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Awuor,

Barua hii utaikuta chini ya nguo zako, na nikikufahamu vizuri hutafungua sanduku kabla treni haijapita Muhoroni. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Usoni pako nisingeweza kusema haya. Ningeanza vizuri, halafu ningekugombeza kuhusu viatu.

Naandika kwa Kiswahili, nawe utashangaa, maana tangu uzaliwe tunasemezana Kijaluo. Nakupa sababu mapema ili usinitafutie nyingine. Barua ya Kijaluo ungeipeleka Kano ukamsomea Dani, kwa sababu kila kitu chako hupelekwa Kano kwa bibi yako kikaonyeshwe na kusifiwa. Kiswahili Dani hajui. Hii ni yako na yangu tu.

Umeona? Sijafika hata katikati ya ukurasa na wivu umeshatoka. Afadhali utoke sasa, tuufahamu ulivyo, kisha tuendelee.

Mambo ya sanduku, ya chakula cha njiani na ya watu wa kuogopa stesheni sitayagusa. Baba yako amekueleza habari za treni mara nyingi mpaka ungeweza kuiendesha mwenyewe. Mimi nataka kuzungumza juu ya usingizi. Unakwenda Nairobi kusomea uuguzi, kazi ya kukesha na kuwalaza watu usiowajua, na mimi nimekaa hapa mezani, taa nimeiteremsha utambi ili isikumulike huko nyuma ya pazia, nikifikiri kwamba jambo lililokaa kati yangu na wewe miaka yote hii ni dogo kabisa. Ni nani aliyekuwa anakulaza.

Jioni hii tulipokuwa tunakula ulisema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye samaki wako, "Mama, likizo ya kwanza nitashuka hapa Kisumu nipande basi ya Ahero siku hiyo hiyo. Si utakuja kuniona kwa Dani?"

Kuniona! Mimi nije kukuona, nibebe sukari na sabuni, nikae kwenye kigoda kama mgeni, kisha nirudi zangu. Nilijibu "Sawa," nikainuka kwenda kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani, mbele yangu. Baba yako aliona. Wewe uliendelea kuchambua miiba ya ngege wako.

Ndiyo sababu silali. Likizo hiyo utalala wapi, nyumba ya nani itaitwa nyumbani ukiwa umechoka na wagonjwa wa watu, hilo ndilo linaloniweka macho. Dani ana wajukuu wamejaa boma zima. Mimi Mungu amenibakizia wewe. Wawili waliokutangulia hawakukaa, unajua. Kwa hiyo ukiniona nagombania kitu kidogo kama usiku mmoja, ujue kwangu si kidogo.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo.

Mimi sikulala siwindhe, ile nyumba ya bibi wanamolala wasichana. Umelisikia hilo kwa juujuu, lakini sijawahi kukueleza lilivyokuwa. Mama yangu alifariki huko Uyoma nikiwa sijajua hata kufunga kitambaa kichwani. Bibi zangu wote wawili walikuwa wameshatangulia, na baba akanipeleka kwa masista wa misheni. Huko kulala kulikuwa kazi kama kazi nyingine. Kengele ya kwanza, tunanawa miguu. Ya pili, tunapiga magoti. Ya tatu, taa zimezimwa, na atakayesema neno kesho atafyeka nyasi peke yake. Vitanda vilikuwa kwa safu, kila mtu na chake, na kumgusa jirani hata kwa kidole ilikuwa dhambi ya kuungama. Sikuonewa, usije ukafikiri hivyo. Nilikuwa na blanketi zito, nilikula, na mwalimu wetu aliyetoka pwani ndiye aliyenipa hiki Kiswahili ninachojidai nacho. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunilaza. Nilikuwa nalala tu.

Basi ulipokuja wewe, nikakupa nilichokuwa nacho. Beseni la kunawia miguu, sala, taa, kimya. Majirani walinisifu kwamba mtoto wa Mama Awuor analala mapema, nami nikavimba kichwa.

Zile siku baba yako akiwa na meli, anazunguka bandari za ziwa, ulikuwa unalala kwangu, mguu wako juu ya tumbo langu. Hapo nilikuwa tajiri. Halafu honi inalia bandarini, nawe unaangua kilio, kwa sababu ulijua honi ile inakuondoa kitandani kwangu na kukurudisha kwenye mkeka wa chumba cha mbele. Baba yako mpaka leo huwasimulia wenzake jinsi binti yake alivyokuwa akilia kwa furaha akisikia meli. Tafadhali usimwambie.

Ulipoanza kung'oka meno ya mbele, Dani akatuma neno. Mtoto mkubwa halali na wazazi wake chini ya paa moja. Likizo ya shule aletwe, alale na wenzake. Hakuomba, alisema. Na alikuwa na haki yote, ndivyo kulivyo kwetu, hata mimi niliyelelewa na kengele nilijua. Nikakufungia mto niliokushonea mwenyewe, blanketi, na gauni la kulalia lililoshonwa na fundi wa Kibuye, lenye kola.

Nilijua utalia. Niseme ukweli wote: nilitumaini utalia. Jioni ile kule Kano nilimwambia baba yako asilale fofofo, maana tungeitwa kuja kukuchukua. Nikajilaza katika nyumba yetu, ng'ambo ya ua, sikio nje, nikingojea.

Nilichosikia ni kicheko. Mimi siwindhe naijua kwa nje tu, wewe unaijua kwa ndani, kwa hiyo utanisamehe nikikosea. Nilisikia wasichana wamebanana kwenye ngozi za ng'ombe, huyu anamlalamikia yule kuhusu kiwiko, na Dani katikati yao anasimulia gizani kwa ile sauti yake ya mchanga. Kila baada ya kitambo anakatiza hadithi anaita jina. Anayeitika bado yupo. Asiyeitika, wanamcheka kidogo na kuendelea bila yeye.

"Awuor!" aliita.

"Yu!" ukajibu, macho makavu kabisa, nilisikia.

Baadaye akaita tena, ukaitika kwa mbali. Mara ya mwisho hukuitika. Mimi nilikuwa nimeshatoka, nimesimama uani kwa kisingizio cha kuangalia mbuzi, na nikajikuta nimeitika mimi, chini chini, kama mwizi anayejibu jina la mwenye nyumba. Nikarudi ndani nikamwambia baba yako kwamba mbuzi wako salama. Akaniuliza mbuzi gani.

Asubuhi mto wako nilikuta kuku ameulalia, anaatamia. Gauni la kola alikuwa amelivaa binamu yako kwenda kuchota maji. Wewe mwenyewe ulinukia moshi na samli, na ulipoona tunaondoka ulinipungia mkono mmoja, wa pili umeshika muwa.

Uliporudi mjini usingizi ulikataa. Nikakunawisha miguu, tukasali, nikazima taa. Kimya. Halafu sauti yako: "Mama, simulia."

Mimi hadithi sikuwa nazo. Nikakupa niliyokuwa nayo, habari za Yona. Nilipofika mahali pa kumezwa, ukauliza, "Alikuwa samaki gani? Kamongo?"

"Samaki tu. Lala."

"Lakini samaki gani, Mama?"

"Mkubwa. Lala, Awuor."

Ukasema, si kwa ubaya, kwa kunihurumia tu, "Dani angejua."

Mwanangu, nimepigwa na maneno mengi maishani, hasa na shangazi zako, lakini lile lilinikata maini. Kulipokucha nikaenda mjini kwenye maduka ya Wahindi nikamwambia mwenye duka nataka kitanda cha mtoto, cha chuma, chenye springi, na godoro lake. Alikibonyeza kwa viganja vyote viwili. "Mama, springi mzuri hii," alisema. "Mtoto akilala hapa, kuamka asubuhi ni vita." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Kikapakiwa kwenye mkokoteni, nami nikatembea pembeni yake polepole toka mjini hadi Kaloleni, ili kila mtu aone. Majirani walikuja kukikalia mmoja mmoja. Nilijiambia, sasa tuone ngozi ya ng'ombe itafanya nini mbele ya hiki.

Asubuhi nilikukuta chini yake, sakafuni, umelalia gunia la mahindi.

"Kinanirusha," ulisema.

Na pazia nalo, lile lililotenga kitanda chetu na chako, nililokuwa nimelitegemea kutunza heshima ya nyumba, likaniaibisha. Siku moja nimepanga foleni bombani, Mama Okelo wa mlango wa pili akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Si huyu mtoto yako," alisema. "Anatuambia meli ikifika, Baba anasema, 'Sogea,' na Mama anasema, 'Ngoja, mtoto hajalala.'"

Bomba zima liliangua kicheko. Niliweka ndoo chini na kujifunika uso kwa kanga. Dani alikuwa amesema kweli, na wewe ulikuwa umeitangaza. Mwanamke mwenye akili angekupeleka Kano kila likizo tangu siku hiyo, na siku za shule angemwomba jirani mwenye nafasi akulaze. Mimi nikaenda kununua kitambaa kizito zaidi. Likizo iliyofuata sikukupeleka kabisa. Nilimwambia baba yako njia ya Ahero imekatwa na maji. Hakukuwa na maji yoyote, vumbi lilikuwa linaruka.

Halafu masika yakaja kweli, na wewe ukashikwa na homa.

Unakumbuka vipande tu, kwa hiyo nikukusanyie. Baba yako alikuwa ziwani. Mchana ulikuwa afadhali, lakini jua likizama unawaka moto na usingizi hauji. Dawa ya hospitali ulimeza ukatapika, ukameza tena. Nilikufuta maji, nilikuimbia nyimbo zote za misheni, nilisali mpaka ulimi ukakauka. Wewe ulinitazama vizuri tu, kwa adabu, kisha ukaita Dani. Usiku baada ya usiku, Dani. Sikutuma mtu kumwambia. Nilikuwa nimejikaza, nikisema, huyu ni mtoto wangu, homa yake ni yangu, na usingizi wake nitautafuta mwenyewe.

Nani alimpelekea habari sijui. Watu wa sokoni hawana siri. Jioni moja nimeinama jikoni nikasikia mtu anahodisha, nikatoka, na mama mkwe wangu amesimama mlangoni, amelowa mpaka kifuani, viatu mkononi. Kano yote ilikuwa chini ya maji, safari hii kweli. Kipande alikuja kwa mtumbwi, juu ya mashamba ya watu, kipande kwa miguu, na kilichobaki alipandishwa kwenye lori la mchanga.

"Nyar Uyoma," alisema. Ameniita binti wa Uyoma tangu niolewe, jina langu sijui kama analijua. "Nasikia mtoto halali."

Hakuniuliza kwa nini hakusikia kutoka kwangu.

Nilimpa nguo kavu, nikampa chai, nikampa ugali na mboga, nikafanya yote ambayo mke wa mtu hufanya ili asisemwe. Aliingia, akakugusa shingo, akatoka. Giza likaingia. Na hapa ndipo penyewe. Kwetu mama halali nyumbani kwa mwanawe, hilo wewe unalijua, hata jiji lingejengwa juu yake. Mama Okelo alikuwa na chumba kitupu, binti zake wote wameolewa. Ilikuwa ni neno moja tu, kugonga ukuta na kusema, tusaidie, Mama amekuja. Angefurahi. Sikugonga. Nilikaa nikisubiri Dani aombe, nione siku moja ananiomba kitu.

Hakuomba. Alichukua mkeka uliokuwa umesimama nyuma ya mlango.

"Kitanda chake kimeegemea ukuta gani?"

"Huu wa mbele," nikasema.

Akaenda barazani, akautandika pale pale nje ya ukuta huo, akakaa, akaegemea. Mbu wa Kisumu, msimu wa mvua, unawajua. Nikafunga mlango. Ndiyo, niliufunga.

Kisha akaanza. Alisimulia habari za kiboko aliyepoteza usingizi wake, akawa anazunguka ziwa zima akibisha hodi kwa wanyama wamwazime wa kwao. Sauti ilikuja kwa dirisha na kwa ukuta wenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha springi, nimekushika mkono. Ukauchomoa. Hukuuchomoa kwa hasira, ulikuwa na kazi nao tu. Ukanigeuzia mgongo, ukageukia ukuta, na ukaweka kiganja chako kwenye plasta kama mtu anayemgusa mwenzake begani. "Awuor!" Dani akaita kutoka nje. Ukaitika. Mimi nilibaki nimeshika kikombe cha maji ambacho hakuna aliyekitaka. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule bibi kizee saa ile, mwanangu, na yeye anaumwa na mbu kwa ajili ya mtoto wangu.

Kiboko alifika kwa kobe. Baada ya hapo sijui. Nilishtuka kumekucha, shingo imekakamaa, kichwa changu miguuni pako, na wewe umelowa jasho zuri la homa iliyoshuka, unapumua taratibu.

Nilifungua mlango. Dani alikuwa anakunja mkeka. Mikono yake ilikuwa imevimba vipele mpaka viwiko, macho mekundu. Akaniangalia, akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Nyar Uyoma, jana nimelaza watoto wawili," alisema. "Huyo mkubwa anakoroma."

Sikucheka. Niliingia jikoni, nikaunguza uji. Bombani Mama Okelo hakucheka pia safari hii. Alisema tu, "Mama Awuor, mamake bwana yako alilala nje na mimi niko na chumba?" Kila mtu akajishughulisha na ndoo yake.

Tangu hapo uliingia Kano kila likizo na sikuthubutu tena kusema neno, nani angenisikiliza? Ukaenda shule ya bweni, na likizo zikabaki za Dani. Ulikuwa unapita hapa Kaloleni kubadilisha nguo. Hasira yangu niliilea vizuri. Nikisikia mtu anamsifu mama mkwe wake, nahama kiti. Na ile kauli ya watoto wawili, nilikuwa naitafuna kila nikipika uji, nikisema, ona alivyonidharau, mimi mtu mzima, mke wa mwanawe.

Leo baada ya ile chumvi nimekaa nikaitafuna tena, na imekuwa na ladha nyingine. Miaka yote nimejiambia kwamba namwonea wivu Dani kwa kuwa alikuchukua. Ni kweli, na bado namwonea, sitakudanganya usiku huu. Lakini kuna wivu mwingine chini ya ule, na huo ni aibu zaidi kuuandika. Nakuonea wivu wewe. Wewe ulilala katikati ya watu, ukaitwa kwa jina lako mpaka usingizi ukuchukue. Kila nilipozima taa na kusema kimya, kuna msichana mdogo wa misheni ndani yangu aliyekuwa anasema, mimi nilivumilia, kwa nini huyu asivumilie? Mama gani anamwonea mtoto wake kijicho kwa usingizi? Mimi. Na yule bibi aliliona kupitia ukuta, akanilaza pamoja nawe, nami nikamlipa kwa uji ulioungua.

Sasa nikupe kitu ambacho Dani hana. Usicheke, nimekitafuta sana. Dani hajawahi kulala kwenye vitanda vya safu. Mimi nimelala humo utoto wote. Huko Nairobi watakuonyesha kitanda, na kulia na kushoto kwako watakuwa wasichana wa makabila mengine, kila mmoja amekaza macho anajifanya amelala. Usiku wa kwanza utakuwa mrefu. Usipigane nao. Msikilize aliye karibu anavyopumua, nawe upumue naye, akivuta uvute, akishusha ushushe. Nilikuwa nafanya hivyo na msichana mmoja wa Asembo ambaye hatukuwahi hata kusalimiana vizuri, na bila yeye nadhani ningepata wazimu. Na usifuate desturi yangu ya kunyamaza. Ukisikia mtu analia chini ya blanketi, muulize jina lake.

Mgonjwa akishindwa kulala usimwambie "lala." Mimi nimelisema neno hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote Kaloleni na sijaona likimlaza mtu. Kama ataanza kukuuliza samaki alikuwa gani, mchagulie samaki.

Na siku moja utazaa. Kutakuwa na mtu atakayejua kumlaza mwanao kukushinda wewe, huenda mama mkwe, huenda jirani, huenda yaya tu, na mtoto atauchomoa mkono wake kutoka kwako mchana kweupe. Utaumia. Sijui dawa yake, ningeijua nisingekuwa macho sasa. Lakini mtu huyo umtafutie mahali pa kulala. Gonga ukuta, omba chumba. Mengine yanaweza kungoja.

Kuhusu likizo, basi. Nenda kwa Dani. Siwindhe yake sasa ina wasichana wachache, macho yake hayaoni mbali, na sauti ile haitakuwepo siku zote. Kaa naye mpaka ushibe. Sitasema njia imekatwa na maji. Na mimi nitakuja, na sukari na sabuni, na nitakaa kwenye hicho kigoda, na pengine nitamwambia jambo fulani kuhusu mkeka na baraza, kwa Kijaluo, ili aelewe.

Lakini Awuor, treni ya kutoka Nairobi hufika hapa asubuhi, na mabasi ya Ahero yapo mchana kutwa. Yaache yapite yote. Usiku wa kwanza ni wangu. Huo sigawani na Dani, sigawani na baba yako, yeye akaombe chumba kwa Mama Okelo. Mimi nitajilaza, wewe utakaa karibu, na utanisimulia chochote unachojua, cha Kano au cha wagonjwa wako. Nina umri huu wote na nimelazwa mara moja tu, tena na mtu niliyemwacha nje. Nataka mara ya pili iwe ni wewe.

Mama yako